Nani Amekuja kwa Ajili ya Mtoto Huyu

Nyumba za walimu
Jumapili, 4 Februari

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima. Hofu yangu ni kwako na hilo greda linalokutikisa mgongo kutwa. Kwa kuwa huko kambini kwenu simu hazishiki, nimerudi kwenye kalamu kama watu wa zamani, na dereva wa lori la mafuta ameniahidi kukufikishia mkononi.

Binti yako hajambo. Shule nzima bado wanamwita Chiriku, na jina halimkosei. Amechaguliwa kiranja wa kidato cha nne, na beji yake anaisugua kwa dawa ya meno kila asubuhi mpaka sisi wengine tunapiga mswaki kwa maji.

Sasa langu. Mkuu wa shule amenikabidhi nidhamu. Bodi imepitisha sera mpya, na mimi ndiye wa kuitoa kwenye karatasi na kuiingiza madarasani. Fimbo basi. Mwanafunzi akikosa, hapewi adhabu mpaka kamati imsikilize, mzazi au mlezi akiwa amekaa kando yake. Wanakubaliana masharti, na baada ya wiki nne mzazi anarudi tuone kama mtoto amebadilika. Asiye na mzazi wa kumleta haingii darasani. Tumeanza wiki iliyopita, na bodi imetupa muhula mmoja wa majaribio. Ikishindikana, fimbo zinarudi.

Wapinzani ninao. Mwalimu wa hesabu, yule wanayemwita Mstari kwa sababu hapigi hata mstari wa kukosoa bila rula, aliniambia mbele ya walimu wote, "Mwenzetu, utawasikiliza mpaka masikio yaote sugu." Nikacheka nao. Fimbo zake nilizikusanya mwenyewe nikazipeleka kwenye bustani ya shule, na sasa zinashikilia nyanya.

Nimepiga moyo konde. Hii kazi itasimama.

Dada yako

---

Kambi ya barabara
11 Februari

Dada,

Barua imefika ikinuka dizeli. Niliposoma habari ya nyanya nilicheka peke yangu mpaka mpishi akaniuliza kama nina homa.

Lakini umejitafutia kazi. Sisi tulichapwa, tukajipangusa, tukarudi darasani, na kabla ya kengele yalikuwa yamekwisha. Fimbo inauma kidogo, halafu inapoa. Hilo la "kamlete mzazi" ndilo baya. Si kila mtoto ana mtu wa kumleta, dada. Wewe hujui.

Basi, acha niyaache hapo. Mvua imekata barabara yetu pale tulipokwisha kuisawazisha, tunaanza upya. Mwambie Chiriku beji aisugue kwa jivu.

Mdogo wako

---

Nyumba za walimu
3 Machi

Mdogo wangu,

Sijui nicheke au nilie, kwa hiyo nakuandikia.

Mbele ya geti letu yupo fundi cherehani, mama mmoja anayegeuza kola za mashati ya wanafunzi zikichakaa. Napita pale kila siku, na nimezoea kuona kisogo chake tu, kimeinamia cherehani. Jumanne tulikuwa na kikao cha kurudi cha binti wa kidato cha tatu, mchelewaji sugu. Wenzake wanamwita Kimya, maana hasemi mpaka umuulize mara mbili. Mama yake akaja, akakaa, nikamuuliza anaonaje maendeleo ya mwanawe. Akajibu kwa uchungu wa mama kweli kweli, "Mwalimu, tangu siku ile tuliyoongea, hajainua ngumi kwa mtu."

Ngumi. Mtoto huyu hajawahi kuinua hata sauti. Nikamwambia, "Mama, huyu kosa lake ni kuchelewa." Akamtazama Kimya, akajishika mdomo, akasema, "Samahani, mwalimu. Wa kupigana ni Alhamisi."

Hapo ndipo nilipouona utepe wa kupimia, bado unaning'inia shingoni. Kumbe muhula huu fundi ni mama wa watoto watatu shuleni kwetu, kila mmoja na ukoo wake, na kwa kila mmoja anabadilisha kitambaa cha kichwa. Nasi tulikaa naye meza moja tukimpa pole ya malezi.

Mstari alicheka mpaka akatoka nje. Ofisini kwa walimu sasa mtu akikohoa wanamuuliza kama ni wa Alhamisi. Bodi imeshapata habari, na Mkuu ameniambia bila kunizungusha kwamba sera iko hatarini.

Kuna mtu aliyewaunganisha na huyo fundi. Fundi hamtaji. Anasema watoto walikuja wanalia, yeye angefanyaje? Kimya naye ni kimya. Lakini nitampata kwa udi na uvumba. Sera inasema anayeidanganya kamati anasimamishwa hadi wiki mbili, na itakuwa hivyo hata akiwa mtoto wa mwenyekiti wa bodi.

Dada yako

---

Kwa shangazi
6 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo wako umepata nafuu na yule mpishi ameacha kuunguza wali. Hapa jirani amepata mbwa anayebweka mpaka akilala, na mimi nimepata themanini ya kemia. Nazunguka tu, Baba. Nasema sasa. Shangazi anamtafuta mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Kimya anaishi na bibi yake peke yao. Bibi hawezi kuinuka kitandani. Kila asubuhi Kimya anamgeuza, anamsafisha, anamlisha, ndipo anakimbia shuleni, na geti linakuwa limeshafungwa. Alipoambiwa asirudi bila mzazi, alifunga vitabu vya shule kwa kamba ili akavirudishe. Nilimkuta navyo njiani. Nikakumbuka yale uliyonisimulia siku ile tukisubiri basi, kuhusu wewe na geti. Nikamshika mkono, nikampeleka kwa fundi. Nimekuwa nikimshonea fundi vifungo Jumamosi, ananipenda. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Kisha wale wengine wawili wakasikia, wakaja kwangu, nami sikujua namna ya kukataa.

Sasa shangazi kila siku mezani ananisimulia upelelezi wake. Ananipa paja la kuku na kuniuliza mimi kama kiranja nahisi ni nani. Paja lenyewe naishia kumpa mbwa wa jirani.

Mtihani wa vitendo wa maabara unaanza mwanzoni mwa mwezi ujao. Unahesabiwa kwenye matokeo ya mwisho na haurudiwi. Nikisimamishwa wiki mbili, nimeukosa, na mwaka wote umekwenda.

Nifanyeje, Baba? Usimwambie kwanza.

Chiriku wako

---

Kambi ya barabara
10 Machi

Dada,

Ya fundi yamenivunja mbavu. Kambi nzima sasa, mtu akikosea zamu tunamwambia wa kupigana ni Alhamisi.

Lakini hivi ni lazima umtafute huyo aliyewaunganisha? Fundi umempata, watoto umewapata, aibu mmeipata. Mengine yafumbie macho. Huenda mtu mwenyewe alikuwa na moyo mzuri. Ukimpata utafanya nini, umharibie maisha? Wewe ni dada yangu mkubwa, sikufundishi kazi. Nasema tu.

Msalimie Chiriku. Mwambie barua yake nimeipata na bado nafikiri.

Mdogo wako

---

Nyumba za walimu
17 Machi

Ulijua.

"Barua yake nimeipata na bado nafikiri." Mimi nilidhani anakuomba viatu. Ijumaa, kamati ikiwa imekaa, mlango ukagongwa. Akaingia Chiriku. Akaifungua beji, akaiweka mezani mbele yangu, akasema, "Mnayemtafuta ni mimi." Kisha akaeleza yote, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema neno hata moja la ziada.

Kamati nzima ikanigeukia. Mstari safari hii hakucheka. Na mimi niko kwenye kiti cha mwenyekiti, shangazi mtu, niliyempa paja la kuku mpelelezwa wangu mwenyewe.

Ningependa kukuambia kwamba nilikasirika. Niliona fahari, nikaona na hofu, yote kwa pamoja, na ikabidi nijifanye natafuta kalamu.

Nimetoka kwenye kiti hicho. Sera inakataza mtu kusikiliza shauri la ndugu yake wa damu. Kifungu hicho nilikiandika mimi, nikidhani nawaandikia wengine. Kiti amekishika anayenifuata kwa cheo, na anayenifuata ni Mstari, mwenye fimbo zilizoko kwenye nyanya. Atake nini tena, akiwa na mpwa wangu mkononi na sera yangu mkono wa pili?

Shauri ni Jumatano, tarehe 27, saa nne asubuhi. Mtihani wa vitendo unaanza Jumanne inayofuata. Mpaka asikilizwe hatakanyaga darasani, na hasikilizwi bila mzazi. Walimu wenzangu wananishauri nikae kando yake kama mlezi. Nimekataa. Nikikaa pale, kila mzazi atasema mtoto wa mwalimu kaletwa na mwalimu, na hapo sera itakuwa imekufa. Mama yake hatunaye tena, lakini baba anaye, yu hai, na ana miguu miwili.

Njoo.

Dada yako

---

Kambi ya barabara
20 Machi

Dada,

Usinifikirie vibaya. Msimamizi hatoi ruhusa kipindi hiki, na hilo daraja la chini halipitiki mvua ikinyesha. Mgongo nao.

Nimewaza hivi. Makanika wetu hapa anakuja mjini siku hiyo hiyo kufuata vipuri. Ni mtu mstaarabu, kimo chetu kimoja, na kipara chetu kimoja. Mstari hajawahi kuniona. Makanika akivaa shati langu la mikono mirefu na asiongee sana, nani atajua? Mradi mtoto asikilizwe afanye mtihani wake.

Mdogo wako

---

Nyumba za walimu
21 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unatania. Binti yako ana shauri la kuwaletea wenzake mama wa bandia, na wewe unataka kumletea baba wa bandia.

Nimemficha barua hiyo. Yeye anapiga pasi sare yake kila siku ingawa haendi popote, na ameniambia nisiwe na wasiwasi, Baba akiitwa atakuja.

Sababu si msimamizi, wala si daraja. Nakujua tangu unatambaa. Niambie ni nini.

Dada yako

---

Kambi ya barabara
23 Machi

Dada,

Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuwepo nyumbani mwaka ule. Baba alikuwa machimboni na Mama amelazwa hospitali. Uliporudi nilikuambia shule nimeiacha mwenyewe, vitabu vimenichosha. Sikuacha.

Nilivunja kioo cha darasa kwa mpira. Mwalimu akasema, kamlete mzazi. Sikuwa na wa kumleta. Kila asubuhi nilivaa sare nikaenda kusimama getini, maana niliona haya kubaki nyumbani. Mlinzi aliniuliza, "Umekuja na nani?" Nami nikamjibu sijaja na mtu. Kesho yake hivyo hivyo. Wenzangu wanapita wananitazama. Ilipofika siku nikashindwa kulijibu swali lile tena, nikapita geti kama silioni, nikaenda mpaka walipokuwa wanatengeneza barabara, nikaomba kibarua. Mpaka leo niko barabarani.

Nimesawazisha njia za kwenda shule nyingi, dada. Tukifika karibu na geti huwa namwachia mwenzangu usukani, nasema mgongo unauma. Ni aibu mtu mzima mwenye kipara kuogopa geti. Ndiyo hivyo, sasa unajua. Hata kumwambia Chiriku ilinitoka tu kwa sababu basi lilichelewa.

Wewe unataka watoto wasikilizwe, na mimi nakuunga mkono. Ila sera yako ina geti lile lile.

Mdogo wako

---

Nyumba za walimu
24 Machi

Mdogo wangu,

Nimelia, nimemaliza, nimenawa uso.

Kuhusu sera, umesema kweli, na nitalishughulikia. Hilo ni langu. Lako ni Jumatano.

Nitakusubiri nje, upande wa barabara, kabla ya saa nne. Mlinzi akikuuliza umekuja na nani, mwambie umekuja na dada yako. Tutapita wote. Ukishaingia ndani utaulizwa swali jingine, na hilo utalijibu peke yako.

Vaa shati lako la mikono mirefu. Usimwazime makanika.

Dada yako

---

Kambi ya barabara
30 Machi

Dada,

Lori liliondoka mapema, hatukupata hata muda wa kuongea vizuri. Acha niongee hapa.

Uliona nilivyosita pale getini. Asante kwa kunishika mkono wa shati. Lakini mlinzi wenu mlimfunza nini? Mimi nimejiandaa kwa swali lake usiku na mchana, yeye akasema "Karibu, mzee" na kurudi kwenye redio yake.

Kule ndani hukuwepo, ulibaki kwenye korido kama sheria yako inavyotaka, kwa hiyo nikusimulie. Mstari alipanga karatasi zake mpaka zikanyooka, akavua miwani, akauliza, "Nani amekuja kwa ajili ya mtoto huyu?" Nilisimama kwa kishindo mpaka kiti kikaanguka nyuma. Nikasema, "Mimi. Mimi ndiye baba yake." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Chiriku akanitazama, dada. Ningeishi na mtazamo ule bila chakula.

Nikainua kiti, kumbe na fundi cherehani amesimama nyuma yangu. Mstari akamuuliza, "Na wewe mama, leo umekuja kama nani?" Akajibu, "Leo nimekuja kama mimi." Kamati ikacheka, na Mstari akacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha akasikiliza. Nilidhani atatukatia kauli mara moja, lakini alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho, akamuuliza Kimya mara mbili mbili, akaniuliza na mimi nyumbani tukoje. Nikamweleza habari ya kioo. Sikupanga. Alikaa akiigeuza rula yake, halafu akasema na yeye aliwahi kutuma watoto wengi wakalete wazazi, na hakuwahi kwenda getini kuona nani alibaki nje.

Hukumu umeipata, lakini ungeisikia kwa mdomo wake. "Kosa ni kosa. Beji hairudi. Huyu alitafuta wazazi wa uongo kwa ustadi mkubwa. Sasa, kila siku baada ya masomo mpaka muhula uishe, atafuatana na mwalimu wa ushauri kutafuta wa kweli. Na wasioweza kuja, kamati itakwenda kwao." Chiriku alilia kwa ajili ya beji. Nilimwacha alie, ilikuwa haki.

Msimamizi, kwa taarifa yako, hata hakuuliza nilikuwa wapi.

Mdogo wako

---

Nyumba za walimu
14 Aprili

Mdogo wangu,

Mtihani wa vitendo umekwisha, na Chiriku kavunja chupa moja tu. Anarudi jioni na vumbi magotini baada ya kuzunguka nyumba za watu. Kifua hakina beji, na naona anatembea wima kuliko zamani.

Bodi ilikaa juzi. Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga, lakini Mstari alinitangulia kusimama. Akasema sera ina tundu na tundu hilo amelitia kiraka kwa mkono wake, na yeye hapendi kazi yake kutupwa. Wakatupa mwaka mzima. Tukitoka nje nikamwambia aje achukue fimbo zake. Akaniambia nisubiri, nyanya hazijaiva.

Kiraka ni hiki: mzazi asiyeweza kutembea, kamati inamfuata kitandani kwake. Na mtoto asiye na mtu wa kumfuatilia anaruhusiwa kuchagua mtu mzima mmoja, aje kwa jina lake mwenyewe, wazi, na asichoke kuja. Jumanne tulikwenda kwa bibi yake Kimya, kamati nzima, tukakaa kwenye ukingo wa kitanda maana viti vilikuwa viwili. Bibi alitukagua mmoja mmoja kama vile sisi ndio tuna shauri. Kimya sasa anaruhusiwa kuingia kipindi cha pili, na jirani atasaidia asubuhi.

Bibi alimwambia achague mtu wake. Kimya akasema ameshachagua, lakini inabidi amwandikie kwanza. Sikumuuliza ni nani.

Dada yako

---

15 Aprili

Shikamoo Baba Chiriku,

Samahani kwa kukusumbua kazini.

Shule imeniruhusu nichague mtu mzima wa kuja nikiitwa. Fundi nampenda, lakini ameshaandikwa rasmi kwa yule wa kupigana. Alhamisi ni zake.

Najua uko mbali. Chiriku aliniambia unaogopa geti, na mimi nilikuona ulivyopita. Kikao changu kijacho ni mwezi wa tano. Kama haiwezekani sitakasirika.

Kimya

---

Kambi ya barabara
20 Aprili

Binti yangu Kimya,

Barua yako imefika.

Inawezekana. Niandikie siku na saa. Mlinzi akikuuliza umekuja na nani, mwambie yuko njiani, anakuja na lori la mafuta.

Baba Chiriku